Maswali ya Bustani: Switipii Fupi, Kutoka Mbegu Hadi Mbegu

Barua zilizotufikia kuhusu switipii zimekuwa nyingi kiasi kwamba tumeona ni vyema safu nzima ya toleo hili iwe yake, na hasa zile aina za kimo kifupi zinazofaa vyungu, masanduku ya dirishani na vikapu vya kuning'inizwa. Kwa msomaji ambaye hajaifahamu, switipii, ambayo wataalamu wa mimea huiita Lathyrus odoratus, ni mmea wa msimu mmoja wa jamii ya mikunde, ndugu wa njegere na kunde, unaopandwa kwa ajili ya maua yake yenye harufu nzuri na petali zilizokunjuka kama mbawa za kipepeo. Karibu kila barua tuliyoisoma ina kosa lile lile ndani yake, ingawa mwandishi halitaji: ameuona mmea ni mfupi, akadhani na mahitaji yake ni mafupi.

SWALI: Nilinunua pakiti ya mbegu 20 za switipii fupi. Kwa kuwa niliambiwa mbegu hizi zina gamba gumu, nilizilowesha siku mbili kamili, kisha nikazifukia kwenye trei na kuiweka juu ya jokofu, mahali penye joto kuliko pote nyumbani. Wiki tatu zimepita na zimeota 3 tu. Nilipozifukua nyingine nilikuta baadhi zimeoza na baadhi ni ngumu kama siku niliyozinunua. Je, niliuziwa mbegu mbovu?

JIBU: Hatudhani hivyo, na ushahidi umeuandika mwenyewe. Mbegu zilizokufa zamani zingeoza zote pamoja, lakini zako zimegawanyika makundi mawili, na kila kundi lina sababu yake. Zile zilizobaki ngumu hazikupata maji hata tone, kwa kuwa gamba la baadhi ya mbegu za switipii halipitishi maji mpaka lichubuke. Zingeweza kukaa kwenye bakuli wiki nzima zisibadilike. Zile zilizooza zilipata maji mengi mno. Mbegu ikishavimba huamka na kuanza kuvuta hewa kama kiumbe chochote, na ikiendelea kuzamishwa hukosa hewa hiyo, ikaanza kuvujisha sukari na vyakula vingine ambavyo ndivyo kuvu wa udongoni wanavyovitafuta. Halafu ukaziweka juu ya jokofu, ukamalizia kazi.

Kama unapenda kulowesha, lowesha usiku mmoja tu, yaani kama saa 12, katika maji yasiyo ya moto. Asubuhi mwaga maji na uzichambue mbegu kwa vidole. Zilizovimba zinakwenda udongoni siku hiyo hiyo. Zisizovimba ndizo zinazohitaji msaada: tafuta kovu dogo lililo ubavuni mwa mbegu, pale ilipokuwa imeshikamana na ganda la mama yake, kisha geukia upande ulio mkabala nalo na ulichubue gamba kwa msasa au kwa mkasi wa kucha mpaka uone weupe wa ndani, usiingie zaidi ya hapo. Tunakwepa upande wa kovu kwa sababu mzizi mchanga unachomoza karibu nalo, na ukiukata huo umekata kila kitu. Mimi binafsi siku hizi siloweshi kabisa. Ninachubua zile nyeusi na za kahawia nzito, ambazo mara nyingi ndizo zenye gamba gumu, na zile za rangi hafifu ninazipanda kama zilivyo, maana hizo hunywa maji upesi na ndizo zinazoongoza kwa kuoza bakulini.

Kuhusu joto, switipii hutofautiana na nyanya na pilipili ambazo wengi wetu tumezoea kuziotesha. Mbegu yake huota vizuri udongo ukiwa na nyuzijoto 13 hadi 18 za Selsiasi, na joto likizidi sana hapo uotaji hupungua huku uozo ukiongezeka. Mahali penye kivuli, penye ubaridi na penye hewa panafaa kuliko jikoni. Fukia mbegu kina cha sentimita 2, mwagilia mara moja mpaka maji yatoke chini ya chombo, kisha uiache. Udongo uwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa. Subiri siku 10 hadi 21, na usikate tamaa na zile zinazochelewa, kwani pakiti moja inaweza kuota kwa awamu.

Jambo moja zaidi kuhusu ile trei. Trei za miche zenye vijumba vifupi hazifai, hata kwa aina itakayoishia sentimita 20 juu ya ardhi, kwa sababu kabla shina halijafika kidole kimoja mzizi mkuu tayari umeshuka kina cha kiganja. Tumia vikombe virefu au mirija ya karatasi nene yenye kina cha sentimita 10 hadi 13, mbegu moja kila mrija, ili siku ya kuhamisha uufukie mche pamoja na mrija wake bila kuusumbua mzizi. Miche ikichomoza iondoe mara moja kwenye kifuniko chochote na uipeleke penye mwanga mwingi na ubaridi, kwani joto na giza huirefusha ikawa myembamba kama uzi, na unyevu uliotuama huleta kinyausi, ugonjwa unaoinyong'onyesha miche shingoni ikalala chini asubuhi moja. Panya nao wanaijua mbegu ya switipii kuliko sisi, na wanaweza kufukua trei nzima usiku mmoja, kwa hiyo ifunike kwa wavu wenye matundu madogo.

SWALI: Nina pakiti tatu ambazo zote zinadai ni za switipii fupi, lakini moja inasema kimo ni sentimita 20, nyingine 45 na ya tatu 75. Ipi iliyo fupi kweli? Na je, siwezi kununua ile ndefu ya kawaida nikawa naikata kila inapopanda juu?

JIBU: Pakiti zote tatu zinasema kweli, kwa maana ufupi huo unapimwa kwa kuulinganisha na switipii ya kawaida, ambayo hudandia na kufikia mita 2 ikipata mahali pa kushika. Za sentimita 15 hadi 20 ni za kundi la Cupid, ambazo hazisimami bali hutambaa na kutanda upana wa kama sentimita 45, na mahali pake ni kwenye kikapu cha kuning'inizwa au ukingoni mwa chungu kirefu ambako zinaweza kumwagikia nje. Za kimo cha kati, kama zile za kundi la Bijou, husimama kama kichaka kidogo na zinafaa masanduku ya dirishani. Zile za sentimita 60 hadi 75, kama Knee-Hi, ambayo jina lake kwa Kiingereza lina maana ya kufika magotini, zinahitaji angalau vijiti vichache vyenye matawi vya kuegemea, hata kama pakiti inajisifu kwamba hazihitaji tegemeo. Ipo pia aina iitwayo Snoopea ambayo haina kabisa vile vikono vya kudandia. Mahali pa vikono imeota vijani, na kwa hiyo hata ikipenda kupanda haina cha kushikia.

Switipii ndefu huwezi kuigeuza fupi kwa mkasi. Tofauti yao iko kwenye pingili, yaani ule umbali wa shina kati ya jani na jani. Kwa aina fupi umbali huo umebanwa tangu kuzaliwa, na majani yanakaribiana, maua yanatoka karibu na chini. Ukiikata ndefu itatoa matawi mengi, lakini kila tawi litakuwa na pingili zile zile ndefu, nawe utashinda ukikata ncha ambazo ndizo zingebeba maua.

Inafaa kujua ufupi huu ulikotoka. Switipii ya kwanza kufika Uingereza ilitumwa mwaka 1699 kutoka Sisilia na mtawa Francesco Cupani, aliyempelekea mbegu mwalimu Robert Uvedale wa Enfield, na ilikuwa mmea wa kudandia wenye maua madogo ya zambarau. Karibu miaka 200 baadaye, katika miaka ya 1890, wazalishaji wa mbegu huko California waliona mche mmoja mfupi umejiotea katikati ya safu za aina nyeupe ndefu iitwayo Emily Henderson. Hakuna aliyeupanga, yalikuwa mabadiliko ya asili ya jeni. Mche huo ndio ulioitwa Cupid, na mfanyabiashara wa mbegu W. Atlee Burpee akausambaza.

Ila ufupi huo una gharama yake, na pakiti haziitaji. Vikonyo vya maua ya Cupid ni vifupi, hivyo ukitaka maua ya kuweka kwenye chombo mezani utasikitika. Chagua za sentimita 60 na zaidi. Pia mmea unaolala juu ya udongo hupata uchafu na unyevu wa udongo, na mvua ikizidi majani yake ya chini huoza. Singeipanda Cupid kwenye tuta la chini hata nikipewa mbegu bure. Ining'inize, hewa ipite chini yake.

SWALI: Switipii zangu 6 ziko kwenye chungu kimoja cha upana wa sentimita 25. Zimestawi ajabu, majani yake ni ya kijani kilichokolea, na kila wiki naziwekea maji ya samadi ya kuku. Lakini ni mwezi wa tatu sasa na sijaona hata tumba moja. Nimekosea wapi?

JIBU: Umekosea kwa ukarimu. Samadi ya kuku ina naitrojeni nyingi kuliko samadi nyingi nyingine, na naitrojeni ni chakula cha majani. Switipii, kama mikunde wenzake, ina njia yake ya kujipatia naitrojeni: bakteria wa kundi la Rhizobium huingia kwenye mizizi yake, wakajenga vinundu vidogo vyenye rangi ya waridi ndani, na humo huchukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa mbolea ambayo mmea unaweza kuitumia. Mmea unaopewa naitrojeni tele kutoka nje hauhangaiki kujenga vinundu hivyo, na hauharakishi kutoa maua, kwa kuwa hakuna kinachouambia kwamba msimu unakaribia kwisha. Acha samadi kabisa. Kwa wiki mbili mpe maji matupu, kisha matumba yakianza kuonekana umpe mbolea ya maji yenye potasiamu nyingi, ile ile inayopewa nyanya zinapozaa, mara moja kila wiki mbili. Mara nyingine utakapoandaa udongo, changanya mboji iliyoiva vizuri na udongo tifutifu unaopitisha maji, na kama udongo wako una asidi ongeza chokaa ya kilimo kidogo, kwani switipii hupenda udongo usio na asidi wala magadi mengi.

La pili ni msongamano. Miche 6 kwenye chungu cha sentimita 25 ni mingi mno. Kwa chungu cha upana wa sentimita 30 na kina kisichopungua hicho, panda 3, na kwa kikapu cha kuning'inizwa, kina kisipungue sentimita 20. Watu hushangaa tukisisitiza kina kwa mmea wa urefu wa kalamu, lakini jeni iliyofupisha pingili haikuufanya mzizi uache kutafuta maji chini. Chungu kifupi hukauka mchana, na mmea uliokauka mara mbili au tatu wakati wa kuunda matumba huyaacha. Usijaribu sasa kuing'oa mitatu iliyozidi, utaivuruga mizizi ya yote. Ikate usawa wa udongo.

La tatu hulitaji, lakini linaweza kuwa ndilo kubwa: mwanga na joto. Switipii inahitaji jua la moja kwa moja la saa 6 au zaidi kwa siku. Zaidi ya hapo, kila kundi lina urefu wake wa mchana unaoliamsha lianze kutoa maua. Aina za kawaida za kiangazi husubiri mchana wa kama saa 12 au zaidi, ilhali zipo zilizozalishwa ziweze kuchanua kwenye mchana wa saa 10 tu, mfano ukiwa kundi la Winter Elegance. Anayeishi karibu na ikweta, ambako mchana ni wa saa 12 na dakika chache mwaka mzima, yuko pale pale mpakani, na aina za kiangazi zinaweza kumchelewesha sana. Katika kuchagua mbegu atafute pakiti iliyoandikwa kwamba aina hiyo huchanua mapema. Na kila mahali duniani, msimu wa switipii ni ule wa baridi au wa joto la wastani. Mchana ukizoea kuzidi nyuzijoto 30, hakuna mbolea itakayouokoa mmea huu. Utakuwa wa manjano kuanzia chini na kufunga safari. Wakazi wa nyanda za juu wana bahati hapa, kwa kuwa kila mita 1,000 za mwinuko hupunguza joto kwa takriban nyuzijoto 6. Walio mabondeni na pwani wapange kuotesha mbegu mwanzoni mwa miezi yao ya ubaridi, na waweke chungu mahali panapopata jua la asubuhi na kivuli cha alasiri.

SWALI: Matumba yanatokea vizuri, kisha yanakuwa ya manjano na kudondoka kabla hayajafunguka. Sioni mdudu wala doa lolote. Ni ugonjwa gani huu?

JIBU: Si ugonjwa. Mmea umehesabu nguvu zake ukaona hazitoshi kuyafungua maua yote, ukayaacha. Hutokea sana siku za mawingu mfululizo, au usiku wenye baridi kali unaofuatwa na mchana wa joto, au udongo ukilowa kupita kiasi, na mara nyingi huyapata matumba ya kwanza kwanza tu. Ingiza kidole udongoni kabla ya kumwagilia, na ukikuta unyevu subiri. Usinyunyize dawa yoyote. Hali ya hewa ikitulia, matumba yatakayofuata yatabaki.

SWALI: Majani ya chini ya switipii zangu yamefunikwa na unga mweupe, na kwenye ncha changa kuna wadudu wadogo wa kijani waliojazana. Nianze na lipi?

JIBU: Anza na wadudu, maana hao ni vidukari na madhara yao hayaishii kwenye kunyonya utomvu. Hubeba virusi kutoka mmea mmoja hadi mwingine, na mmea uliopata virusi, unaotambulika kwa majani yenye mabaka na maua yenye michirizi isiyo ya kawaida, hauna tiba ila kung'olewa. Wasugue kwa vidole vilivyolowa, au uwanyunyizie maji yenye sabuni kidogo jioni, jua likiwa limeshuka, na urudie baada ya siku chache kwa sababu huzaana upesi mno.

Ule unga ni ubwiri unga. Wengi hudhani husababishwa na maji mengi, nao hupunguza kumwagilia, kumbe wanauongeza, kwa kuwa huishika zaidi mimea yenye kiu mizizini huku majani yakiwa yamesongamana kwenye hewa iliyotuama. Aina fupi, kwa vile majani yake yamekaribiana, ziko hatarini zaidi ya ndefu. Ng'oa majani yaliyoathirika, tenganisha vyungu ili hewa ipite, mwagilia udongo asubuhi pasipo kuyalowesha majani.

SWALI: Nimesoma kwamba switipii hukatwa ncha zikiwa changa. Je, hata zile fupi? Naona uchungu kukata mche ulio na majani manne.

JIBU: Kwa Cupid na jamaa zake wanaotambaa si lazima, kwani hutoa matawi zenyewe kutoka chini. Kwa zile za sentimita 45 na kuendelea, kata. Mche ukiwa na jozi mbili au tatu za majani, ondoa ncha juu tu ya jozi ya mwisho kwa kucha zako, na baada ya siku chache utaona machipukizi mawili au zaidi yakitoka kwenye makwapa ya majani. Usione uchungu. Mbegu ya switipii hubakiza akiba yake ya chakula chini ya udongo, haiipandishi juu kama maharage yafanyavyo, na ndiyo maana hata konokono akiumaliza mche wote usiku, mara nyingi hutoa shina jipya kutoka chini. Mkono wako ni mpole kuliko konokono.

Uchungu wa kweli uutunze kwa ajili ya kazi itakayofuata, ambayo wengi huishindwa: kuchuma maua. Mmea huu unaishi ili uzae mbegu, na siku maganda machache yakikomaa huona kazi yake imekwisha, ukaacha kuchanua. Pita kila siku ya pili, uyakate maua yote yanayoanza kufifia pamoja na vikonyo vyake, na utafute kwa makini maganda yaliyojificha. Kwenye aina fupi hujificha hasa, chini ya majani, na ganda moja ulilolisahau linaweza kuupunguzia mmea mzima ari ya kuchanua. Bora zaidi chuma maua yakiwa bado mazuri, uyaweke ndani ya nyumba. Usipoyachuma wewe yatageuka maganda.

SWALI: Mtoto wangu wa miaka minne ameona maganda ya switipii yanafanana na ya njegere tunazopika, akataka kula. Nilimzuia, lakini je, yana madhara?

JIBU: Ulifanya vyema, na tunaomba kila msomaji mwenye watoto alizingatie hili. Mbegu na maganda ya switipii ni sumu, haziliwi mbichi wala zilizopikwa, ingawa mmea ni wa ukoo mmoja na njegere. Zina kemikali inayozuia mwili kuimarisha nyuzi zinazoshikamanisha mifupa, mishipa na ngozi, na panya wa maabara waliolishwa mbegu hizi kwa muda walipinda mifupa. Mbegu moja iliyomezwa kwa bahati mbaya haitarajiwi kuleta balaa hilo, kwa kuwa madhara hutokana na kula kiasi kikubwa au kwa kurudiarudia, lakini mtoto aliyekula apelekwe kwa mhudumu wa afya pamoja na pakiti ya mbegu ili ijulikane alichokula. Usipande switipii na njegere za chakula kwenye chombo kimoja, wala karibu karibu. Pakiti ya mbegu iwekwe juu, mbali na dengu na choroko za jikoni, kwa maana zikimwagika pamoja hata mtu mzima anaweza kuchanganya.

SWALI: Nina Cupid ya waridi na aina nyingine fupi ya kichaka, jirani kwa jirani. Nikitunza mbegu zake, je, zitazaa fupi tena, au zitachanganyika?

JIBU: Kwa kiasi kikubwa zitazaa fupi. Ua la switipii hujichavusha lenyewe likiwa bado tumba, petali zikiwa zimefungwa, na nyuki anapofika huwa ameshachelewa. Kuchanganyika hutokea mara chache. Lakini mara hizo chache zina kisa chake, na ni kisa ninachokipenda.

Mwanzoni mwa karne ya 20, huko Cambridge, wanasayansi William Bateson na Reginald Punnett waliitumia switipii kuchunguza urithi, wakifuata nyayo za Gregor Mendel, mtawa aliyegundua kanuni za urithi kwa kuchavusha njegere. Walichukua Cupid inayotambaa na aina nyingine iliyoitwa Bush, yenye umbo la kichaka na fupi kuliko ya kawaida, wakazichavusha kwa mkono. Ungetarajia watoto wafupi, au wa kimo cha katikati. Wote walitoka warefu, wa kudandia, kama babu yao wa Sisilia. Kila mzazi alikuwa mfupi kwa sababu ya jeni yake tofauti, na kila mmoja alikuwa na kile alichopungukiwa mwenzake. Walipokutana, urefu uliopotea ukarudi. Katika kizazi cha pili ufupi ulijitokeza tena, lakini mimea mirefu ilibaki kuwa mingi kuliko mifupi, kama 9 katika kila 16. Katika majaribio ya namna hiyo waliona pia aina mbili nyeupe zikizaa maua ya zambarau, na mwaka 1905 wakatangaza, kupitia rangi ya maua na umbo la chavua, kwamba zipo sifa zinazorithiwa zikiwa zimefungamana, jambo ambalo kanuni za Mendel hazikulitazamia.

Kwa hiyo, msomaji wetu, mche mrefu ukikutokea mwakani katikati ya Cupid zako, usimlaumu aliyekuuzia mbegu. Ama uung'oe, ama uupe kijiti uone rangi yake. Kwa kupunguza uwezekano huo, chagua mmea mmoja ulio bora wa kila aina, uuweke mbali na mwingine, na uuache uzae maganda huku ile iliyobaki ukiendelea kuichuma maua, kwa sababu kama tulivyosema mmea hauwezi kuchanua na kulea mbegu kwa nguvu zile zile. Maganda yakigeuka rangi ya kahawia na kuanza kukakamaa, yachume asubuhi na mapema, kwani jua likiyapata hujisokota na kupasuka ghafla, yakarusha mbegu umbali wa hatua kadhaa. Yaanike kivulini ndani ya mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwa wiki moja au mbili. Kisha zimenye, utupe zilizosinyaa, na uandike juu ya bahasha jina la aina, mwaka, na neno SUMU kwa herufi kubwa. Zikikaa mahali pakavu na penye ubaridi huota vizuri kwa miaka 3 hivi.